Shangazi Aliyekataa Kushuka Garini

Songambele,
Kyerwa, Kagera.

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu kutoka huku magharibi, ambako ukungu wa asubuhi haupishani sana na wa kwetu Usangi, isipokuwa huu wa huku hutokea migombani na hauna haraka ya kuondoka. Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Nasema umeketi kwa sababu Neema ameniambia kwamba umerudia kupanda kwenda shamba la juu bila fimbo, na goti lako ni lile lile. Fimbo ile niliichonga mwenyewe, na sikuichonga iwe ya kufukuzia mbuzi. Nijibu kwanza habari ya goti, kisha habari nyingine zote.

Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha tangu mvua zilipoanza, jambo ambalo daktari hakulitarajia na hakulifurahia. Tangu kanisa liliponiita hapa baada ya kustaafu, nifundishe Kiswahili katika sekondari yao, sijapata kulala njaa. Asubuhi ndizi, mchana ndizi na maharage, jioni maharage na ndizi. Makande nayaota. Wanafunzi wanajitahidi. Nyumbani wengine huzungumza Kinyambo, wengine Kihaya, wengine Kirundi, na kila lugha huingia darasani na kuvuta kiti karibu na Kiswahili. Nasahihisha. Hakuna aliyekufa kwa hilo, si wao wala mimi.

Sasa gari. Umeniuliza mara mbili kwenye simu, na mara zote mbili mtandao ukakatika. Kwa kuwa unaamini kwamba niliukata mimi, naandika.

Gari lipo. Injini yake ni nzuri, breki zake ni za kuaminika, na hupanda mlima wa shule bila kunung'unika. Tatizo lake ni milango. Mlango wa nyuma wa kushoto ulichomelewa na mwenye gari wa zamani baada ya kugonga kitu ambacho muuzaji wa Kayanga hakutaka kukitaja. Aliniambia tu kwamba abiria mwenye adabu hupandia upande mmoja. Mlango wa nyuma wa kulia hufunguka kwa nje tu, ukivuta kishikio kwenda juu huku ukiusukuma kwa paja. Kishikio chake cha ndani ni pambo. Kioo chake hushuka hadi nusu, kisha husimama. Najua utasema ulinionya. Ulinionya.

Nilikuwa nimepanga kuupeleka mlango huo kwa fundi wa Kayanga, na kila Jumamosi kulitokea jambo. Jumamosi ya mwisho jambo lenyewe lilikuwa Elisha.

Elisha ni bwana shamba wa shule yetu, kijana mpole anayetunza kahawa na migomba. Baba yake, marehemu sasa, alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kibarua wa kuchuma kahawa, akaoa, akajenga, akazikwa hapa hapa. Mama yake bado analima kishamba chao, nusu saa kwa miguu kutoka shuleni. Elisha anampenda binti wa Kibingo anayeitwa Adela, na Adela anampenda. Wazazi wa Adela hawakuwa na neno. Aliyekuwa na neno ni shangazi wa binti, anayeitwa Ma Koleta. Huku "Ma" ni heshima kwa mwanamke mzima, na huyu ni mwanamke mzima kwa kila kipimo. Alisema hawezi kumtoa mtoto wa kaka yake kwa watu ambao hajaona wanakaaje. Angekuja mwenyewe aione nyumba. Akiridhika, ndoa ipo. Asiporidhika, yuko mwingine aliyetuma watu kumposa binti, mtu wa Kayanga mwenye duka la vipuri vya pikipiki, naye angejibiwa wiki hiyo hiyo.

Elisha akaniomba niwe mshenga wake, kwa kuwa nina mvi na sina ndugu upande wowote. Nikakubali. Kisha akasema, "Na, Mwalimu, shangazi amesema kwenye bodaboda hapandi."

Nikamwambia, "Mlango wangu una matatizo."

Akasema, "Mwalimu, mwenzangu ana duka la vipuri. Mimi nina wewe."

Utaniambia ningemjibu nini.

Basi Jumamosi asubuhi nikaenda Kibingo. Ma Koleta akatoka amevaa vitenge vipya na kilemba kirefu, akalizunguka gari kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikamfungulia kwa kuvuta juu na kusukuma kwa paja. Akaingia, gari likainama upande huo, tukaondoka. Njiani hakuzungumza sana. Aliniuliza tu kama nina mke. Nikasema ninaye, yuko Upare. Akasema, "Mbali hivyo?" Kisha akageukia dirisha kwa namna iliyonikera.

Sasa elewa desturi, kwa maana bila hiyo hutaelewa aibu iliyonipata. Unajua jinsi kwetu bibi arusi anavyoweza kukaa garini akisubiri kubembelezwa. Katika familia hizi shangazi wa binti naye anayo haki hiyo. Gari likisimama uani, hashuki. Wenyeji huimba, huleta kitu, hukipitisha dirishani, yeye hugeuza uso, huleta kingine, mwishowe hushuka, na vigelegele vinapigwa. Ni mchezo, lakini ni mchezo ambao watu huukumbuka miaka ishirini. Watu wa Elisha walikuwa wamejipanga uani tangu asubuhi.

Nikasimamisha gari, nikashuka, nikaenda kumfungulia mgeni. Nikavuta kishikio kwenda juu. Kishikio kikaja chote mkononi mwangu.

Mama Neema, nilifanya kosa hapo. Ningesema kwa sauti, "Mlango umeharibika," na watu wangecheka na kuleta nyundo. Badala yake nilikitia kishikio kwenye mfuko wa koti, nikainama dirishani, nikanong'ona.

"Ma Koleta, mlango umegoma."

"Umegoma vipi?"

"Haufunguki nje, na ndani haujawahi kufunguka."

Wale waliokuwa uani waliona nini? Waliona mshenga ameinama dirishani, anazungumza kwa unyenyekevu, na shangazi amekunja uso. Wakajua kazi imeanza. Ngoma ikalia.

Nikageuka ili niwaeleze. Ma Koleta akanishika mkono wa koti kupitia nafasi ya kioo.

"Waitu Mwalimu," akasema polepole, maana huku "waitu" ni neno la heshima la kumsemesha mtu, "waache waimbe kidogo."

Akaja kwanza baba mdogo wa Elisha, Mzee Gaspari, mtu mwembamba mwenye sauti nene, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ya buni zilizochemshwa na kukaushwa. Shangazi akapokea, akaweka pembeni, akatazama mbele. Wakaja kina mama na kitenge. Akakipokea, akakipapasa, akatazama mbele. Akaja binamu wa Elisha na kuku, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Nikajaribu kumzuia. Nikasema, "Huyu si wa kupitisha dirishani." Binamu akaniambia, "Mshenga, wewe uko upande gani?" akamsukumiza ndani. Kamba ya miguu ikabaki nje.

Hapo mchezo ukaanza kupungua ladha. Jogoo alitembea juu ya kiti, juu ya kahawa, juu ya kilemba. Mvua nayo ikaanza kudondoka, na kutoka jikoni ikaja harufu ya ndizi zilizoiva na nyama. Ma Koleta akaniita kwa sauti tofauti.

"Mwalimu. Sasa nifungulie."

"Nimekueleza, Mama. Haufunguki."

"Nilidhani unaongeza chumvi!"

"Mimi siongezi chumvi. Unaweza kupita katikati ya viti vya mbele?"

Alinitazama. Nakuambia, hata mkaguzi wa shule hajawahi kunitazama hivyo. "Nije ukweni kuona nyumba, nitoke kwa kutambaa kama mbuzi anayetoroka zizini? Mtu wa duka la vipuri angekuwa na mlango, Mwalimu. Chakula kile kikipoa nikiwa humu, unanirudisha Kibingo, na jibu langu utakuwa umelipata."

Nikatazama uani. Elisha alikuwa amesimama kwenye mvua na shati lake jeupe limemgandia mgongoni. Hakujua kitu. Alikuwa anatabasamu.

Nikawaambia watu, hatimaye, "Jamani, mlango huu ni mbovu kweli. Mgeni amekwama!"

Wakashangilia. Mzee Gaspari akasema, "Mshenga huyu anajua kazi! Eti mlango!" Ma Koleta mwenyewe akapaza sauti dirishani, "Nimekwama! Nitoeni!" Kina mama wakaanguka kwa kicheko, wakasema hawajapata kuona shangazi anayeigiza vizuri namna hiyo. Binti mmoja akarekodi kwa simu.

Ndipo akaja mama yake Elisha. Yeye hakucheka. Alikuja amejifunika khanga kichwani, amebeba kibuyu kidogo cha samli kwa mikono miwili, akakipitisha dirishani, akasema tu, "Karibu kwetu, shangazi. Hiki ndicho cha mwisho tulicho nacho." Kisha akasimama pale pale mvuani.

Nikaona nisipotenda sasa, mambo yameharibika. Nikachukua bisibisi kwenye buti, nikaingia mlango wa mbele, nikapiga magoti kwenye kiti cha dereva nikiwa nimeelekea nyuma kama mwanafunzi anayeadhibiwa. Mkono wangu haukuufikia mlango wa nyuma vizuri, kwa kuwa Ma Koleta alikuwa katikati. Ikabidi afanye yeye, nami nielekeze.

"Kuna skrubu chini ya kishikio. Ifungue."

"Hii?"

"Hapana. Hiyo ni ya kioo. Iache, tafadhali."

Kioo kikaanguka ndani ya mlango, moja kwa moja. Mvua ikaingia.

"Ungesema mapema," akasema.

"Nimesema."

"Umesema kwa adabu. Mtu akiwa na jogoo begani hasikii adabu."

Akafungua skrubu zilizobaki, akashika kava la ndani la mlango kwa mikono yote miwili, na kabla sijamweleza habari za vibanio akaling'oa kama anayemenya ndizi. Vibanio viliruka. Kimoja kilinipiga kwenye miwani. Chini ya kava kulikuwa na nailoni, na chini ya nailoni kuna vijiti viwili vya chuma vinavyokwenda kwenye kitasa. Kimoja kilikuwa kimechomoka, kinaning'inia. Ndicho cha kishikio cha ndani. Kitasa chenyewe kilikuwa kimejaa tope lililokauka, nadhani tangu enzi za mwenye gari wa kwanza.

"Mama, kijiti hicho ukikisukuma kwenye kitasa, mlango utafunguka. Ila tope limeshika. Ningekuwa na grisi—"

Hakunisubiri. Alichukua kibuyu, akachota samli kwa vidole, akaipakaza kitasa chote kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Akachokonoa tope kwa ncha ya bisibisi, akapaka tena. Kisha akashika kijiti, akasukuma. Kitasa kikasema, "Ta!" na mlango ukafunguka.

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika Kibingo. Elisha akakimbia na mwavuli. Ma Koleta akatoa mguu mmoja nje. Akautazama umati. Akautazama mguu. Kisha akaurudisha ndani.

"Sasa," akasema, "nakataa kushuka."

Ngoma ikakatika katikati ya pigo.

"Vile vya kwanza vilikuwa vya mlango," akawaambia. "Mlikuwa mnaimba, mimi nikawa nahangaika. Shangazi bado hajabembelezwa."

Mzee Gaspari akanivuta kando. "Mshenga, ndani hakuna kitu tena. Kitenge kile kilikuwa cha mke wangu."

"Mwambieni ukweli," nikasema.

"Tumwambie shangazi kwamba tumeishiwa? Kesho asubuhi binti yuko Kayanga anauza plagi!"

Elisha alikuwa ameukunja mwavuli bila kujua. Aliniangalia kama wanafunzi wanavyoniangalia matokeo yakibandikwa. Nami, mke wangu, nikarudi kupiga magoti kwenye kiti cha mbele, eti naokota vibanio.

Mama Elisha ndiye aliyekwenda. Mikono yake ilikuwa mitupu. Alifika mlangoni, akainama, akasema, "Shangazi, sogea kidogo." Ma Koleta, nadhani kwa mshangao, akasogea. Mama yule akaingia na nguo zake zilizolowa, akakaa pale alipokuwa amechafua jogoo, akavuta mlango. Ukafungika, naye akatundika khanga yake pale kioo kilipokuwa.

Nilikuwa bado nimepiga magoti kwenye kiti cha mbele. Ma Koleta akaniambia, "Mwalimu, toka. Na funga mlango wako."

Nikatoka, nikafunga.

Tulisimama chini ya banda la kukaushia kahawa, wanaume wote, tukilitazama gari. Muda ukapita. Mwanzo hatukusikia kitu. Mzee Gaspari akashindwa kuvumilia, akaenda kuugusa mlango wa nyuma, akarudi anatikisa kichwa.

"Umegoma tena."

Nikaenda mwenyewe. Kishikio kilikuwa mfukoni mwangu, na nikiingiza vidole kwenye tundu lake hakuna kilichosogea. Nikagonga kwa adabu. Ndani mtu akasema, "Subirini." Nikarudi bandani nikawaambia kwamba kitasa kimejifunga, kwamba huenda kijiti kimechomoka tena, kwamba samli si grisi, na kwamba sasa wamekwama wawili. Elisha akaketi juu ya gunia. "Basi," akasema. "Mama naye nimempoteza." Binamu yake akapendekeza panga. Nikamwambia mtu atakayeligusa gari langu kwa panga nitamwandikia barua yeye na wazazi wake.

Kisha tukasikia kicheko garini. Hakikuwa cha mtu mmoja. Vioo vya mbele vilikuwa vimefunikwa na mvuke, na mle ndani watu walikuwa wanatafuna kahawa na kucheka kama wasichana waliotoroka kisimani. Halafu sauti zikashuka, zikawa za taratibu, zikakaa hivyo kwa muda mrefu. Mvua ikapungua. Halafu, bila mtu yeyote kugusa kitu kwa nje, "Ta!" mlango ukafunguka.

Akatoka Mama Elisha kwanza, akampa mkono Ma Koleta, naye akashuka taratibu kwenye tope, jogoo kwapani.

"Chakula kiko wapi?" akauliza.

Akanawa. Alipomaliza kula, na alikula kama mtu ambaye hana kinyongo na mtu, akasema kwamba Adela ataolewa hapa baada ya msimu wa kahawa, na kwamba wanaume wanaweza sasa kukaa na kuzungumza yaliyobaki ikiwa wanayo. Hatukuwa nayo. Elisha alitoka nje akakaa huko kwa muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi. 

Nilimrudisha Kibingo kabla jua halijazama, amekaa mbele, jogoo mapajani. Kitenge na kahawa alivirudisha. Jogoo alisema hamwachi kwa sababu wameshazoeana. Nilijizuia hadi tulipokaribia kwake, kisha nikamuuliza amekubali kwa lipi, maana nyumba yenyewe hakuizunguka hata mara moja.

"Watu wote huleta vitu," akasema. "Yule alijileta mwenyewe. Nitamkabidhi mtoto."

Nikamwomba radhi kwa mlango kujifunga mara ya pili. Nikamweleza kwamba kibanio cha kijiti kimevunjika, na kwamba nitaupeleka kwa fundi wiki hii bila kukosa.

"Waitu Mwalimu," akasema, "haukujifunga. Nilikuwa nimekibana kile kijiti chako kwa kidole, kisitikisike. Wanaume mngeingia, tungemaliza lini?"

Mlango nimeurekebisha jana. Fundi wa Kayanga aliweka kibanio kipya na kishikio kutoka gari jingine. Ni cha rangi ya kijani, gari ni jeupe, lakini unafunguka kwa nje na kwa ndani. Aliuliza kwa nini kitasa kinanukia samli. Nikamwambia afanye kazi yake.

Ma Koleta anataka uje arusini. Ameagiza kwa msisitizo. Anasema ana swali moja la kukuuliza kuhusu jinsi ulivyoweza kuishi nami miaka yote hii, na kwamba atakuuliza mkiwa garini, mlango ukiwa umefungwa. Nimemwambia goti lako halikuruhusu kusafiri. Akasema nisikujibie. Kwa hiyo sikujibii. Najibu tu kwamba basi la moja kwa moja lipo, na mimi nitakupokea.

Nisalimie Neema, binti yetu, na mumewe. Mwambie mume huyo kwamba mfereji wa nyuma ya jiko hautajichimba. Nisalimie kaka yako fundi wa kuezeka, ambaye aliniambia nisinunue gari, na usimsomee barua hii. Nisalimie mama mkubwa. Mpelekee asali, si maneno. Nisalimie mzee wa kanisa jirani yetu, na umwambie kitabu changu cha nyimbo alichokiazima mimi nakikumbuka hata kama yeye amekisahau. Mbuzi usiwasalimie kwa fimbo.

Kaa salama, ule vizuri, na unijibu kwa kalamu.

Mumeo aliye mbali, anayekuhitaji karibu,

Baba Neema